Matanga ya Bladi

Tulipofungua sanduku la bati la Dani, wiki mbili baada ya kumzika, harufu iliyotoka ilikuwa ya sabuni ya mche na leso zilizokaa miaka bila kukunjuliwa. Binamu yangu alikuwa anatoa vitu na kuviweka mkekani: Biblia, miwani yenye jicho moja, sahani za wageni ambazo wageni hawakuwahi kuziona. Chini kabisa, ndani ya kitambaa cha kichwa, kulikuwa na kiberiti. Akakitikisa, hakikulia njiti, akakitupa upande wa takataka. Nilikirukia kama mtu aliyeona mtoto anaanguka. Nilijua kilichokuwa ndani. Au nilidhani najua.

Mimi nililelewa Migori na babu na bibi, kwa sababu mama yangu alikuwa na kibanda cha samaki Homa Bay na alisema kibanda cha samaki hakilei mtoto, kinamnukisha tu. Bibi ndiye huyo Dani. Babu tulimwita Kwara. Ujanani Kwara alifanya kazi kwenye mgodi wa dhahabu, chini ya msimamizi Mzungu, na Kiingereza chake chote alikipata kutoka mdomo wa mtu huyo mmoja. Huko pia alijifunza kuandika herufi kubwa, za kutia alama kwenye masanduku, nazo hakuzisahau. Lakini ukimuuliza alichotoka nacho mgodini, kilikuwa mgongo mbovu na neno bladi, tusi la yule Mzungu.

Neno hilo lilimtosha. Mvua ikinyesha wakati wake ilikuwa bladi mvua, na ikichelewa ilikuwa bladi mvua vilevile, sauti ndiyo iliyobadilika. Ng'ombe akikataa kukamwa, bladi ng'ombe. Nilipokuja nyumbani na nafasi ya tano darasani, aliniwekea kiganja kichwani akasema mimi ni bladi mtoto, na nikaenda kulala nikiwa nimeshiba sifa. Dani alikuwa Msabato wa kweli kweli, lakini alikuwa amezoea. Kuna siku Kwara aliombea chakula, akamshukuru Mungu kwa hii bladi kuku. Dani akaitikia amina kwanza, ndipo akafungua macho na kumtazama.

Wageni wakishangaa, Dani alikuwa na jibu lake. "Mwacheni," alikuwa akisema. "Siku huyu mzee atakosa kusema bladi, nyinyi chimbeni kaburi."

Wageni walicheka. Mimi sikucheka. Maneno hayo niliyaweka pamoja na mambo mengine ya hakika niliyofundishwa na Dani, kwamba ukipiga mluzi ndani ya nyumba unaita nyoka, na ukimruka mtoto aliyelala hatarefuka.

Nilipokuwa darasa la sita tuliletewa mwalimu mpya wa Kiingereza, Mwalimu Marwa, Mkuria wa kutoka Kegonga. Kijaluo hakukijua hata salamu, kwa hiyo nje ya darasa alisema nasi Kiswahili. Suruali yake aliipiga pasi hata siku ya kulima shamba la shule. Mtu huyu aliamini Kiingereza ni nyumba safi, na kuna maneno yanayoingia humo na viatu vya matope. Ubaya ni kwamba maneno yenyewe yalisemwa na kila mtu, kuanzia makanga wa stendi hadi mwalimu mkuu akijisahau. Gonna. Wanna. Ain't. Yeah. Stuff. Na okay, ambalo alilichukia kama kunguni.

Walimu wengine wangechukua kiboko. Yeye alituchunguza muhula mzima bila kusema kitu, kisha siku moja akasimama mbele yetu na kuweka chaki chini.

"Nyinyi watu wa huku nimewasoma," alisema. "Kengele mnachelewa. Hesabu mnakosa. Lakini matanga hamkosi. Basi nitawafundisha kwa matanga."

Wewe uliyesoma shule za wakati wetu utadhani natunga. Kila Ijumaa, kipindi cha mwisho, darasa la sita tulizika neno. Liliandikwa kwenye kikaratasi, likalazwa ndani ya kiberiti kitupu, nasi tukatoka kwa mstari hadi nyuma ya darasa, penye ua wa ojuok, ule mti wenye maziwa yanayochoma macho. Mwanafunzi aliyenaswa akilisema neno hilo wiki ile ndiye aliyekuwa mjane. Alitangulia na jeneza juu ya viganja viwili. Kaburini alisoma wasifu wa marehemu: alizaliwa wapi, alidanganya nani, alikamatwaje. Kisha Mwalimu Marwa aliuliza kwa sauti ya mzee wa ukoo, "Na huyu, nani anamrithi?"

Alikuwa amejifunza desturi zetu vizuri kuliko tulivyodhani. Kwetu mume akifa mke haachwi peke yake, anatafutiwa wa kumrithi, na Mwalimu alisema sentensi nayo ni hivyo hivyo. Neno baya likifa, sentensi inabaki mjane, lazima irithiwe na neno lenye tabia njema. Gonna alirithiwa na am going to. Okay alirithiwa na very well, mrithi mzee, mkavu, asiyependwa na yeyote, lakini tufanyeje. Jina la mrithi liliandikwa chini ya jina la marehemu kwenye kikaratasi kile kile, kiberiti kikafungwa, tukafukia, tukaimba. Ukilisema neno hilo tena umefufua maiti, na adhabu yake ni kufagia makaburi wiki nzima.

Mwalimu alifikiri anatutisha. Masikini, alikuwa ametupa sherehe. Kuna mwenzetu aliyeitwa Quinter, kaka yake alikuwa anaonyesha vidio sokoni, na maneno mabaya kwake yalikuwa mengi kama dagaa. Alifanya matanga matatu kwa muhula mmoja. Alipomzika wanna alijitupa chini akabingirika hadi kiatu kikamtoka, na darasa la saba wakaacha somo lao wakaja kutazama.

Mimi sikuwa na hata moja. Kiingereza changu kilikuwa kidogo mno, hakikuwa na nafasi ya neno baya. Kila Ijumaa nilitembea nyuma na kuimba sauti ya pili, na kila Ijumaa roho iliniuma. Nilitaka kutangulia. Nilitaka jeneza viganjani mwangu na watoto arobaini wamenyamaza nyuma yangu. Nilitaka hilo kuliko nafasi ya kwanza.

Alhamisi moja nikainua mkono.

"Mwalimu, kwetu kuna neno."

"Neno gani, Adoyo?"

Nikalisema. Darasa zima likanigeukia. Mwalimu Marwa aliangalia dirishani, kisha akaniangalia mimi.

"Linasemwa mara ngapi?"

"Kila siku, mwalimu. Hata kwenye maombi."

Akageuka ubaoni na kuandika polepole: Kesho.

Nitasema ukweli, sitajificha. Sikunaswa. Hakuna aliyenilazimisha. Nilimchukulia Kwara neno lake la pekee nikalipeleka shuleni ili nami nionekane mtu.

Na nilionekana. Wasifu wangu ulisifiwa hadi darasa la nane. Nilisema marehemu alizaliwa Uingereza, akaja huku kwa meli, akafanya kazi mgodini bila likizo, akastaafu, akahamia kwa babu yangu ambako alitumikia kuku na mvua bila ubaguzi. Mwalimu Marwa alivua miwani akaifuta, kisha akaifuta tena. Alipouliza nani anarithi, nikasema very. Moyoni niliona very hatamuweza yule ng'ombe wetu, lakini haikuwa saa ya kuharibu matanga. Quinter alilia machozi ya kweli kwa neno ambalo si lake, na hilo nilikwenda nalo nyumbani kama zawadi.

Kwara nilimkuta ameketi kando ya ghala, juani, amejifunika blanketi na anatetemeka. Nikamwambia, "Kwara, leo mimi ndiye niliyekuwa mbele." Alinitazama. Alinitazama muda mrefu, asiseme kitu.

Dani akatoka jikoni na kikombe cha maji. "Usimsumbue. Tangu saa sita hajafungua mdomo," alisema. Halafu akaongeza, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Hata bladi yake hajasema."

Nilikaa pale pale chini, na sare ya shule, na Dani hakunigombeza kwa kuichafua. Hapo ndipo nilipojua mambo ni mabaya.

Jumamosi wazee wa kanisa walikuja wakamwombea, kisha jirani mwenye pikapu akampeleka hospitali ya Homa Bay, kwa sababu huko mama yangu angempelekea chakula. Jumapili asubuhi Dani alirudi kuchukua nguo. Nikamuuliza amesema? Akatikisa kichwa. Amefunga mdomo, alisema, kama duka la Msabato siku ya Sabato. Kesho tutakwenda wote wawili, mama yako anataka umwone. Hata mtoto wa darasa la sita anajua maana ya watoto kupelekwa kumwona mgonjwa. Dani alianza kukunja suti ya Kwara, ile ya harusi na mazishi, akaitia ndani ya mfuko wa safari bila kunieleza ni ya nini.

Nikachukua kijiko cha uji nikakimbilia shuleni.

Makaburi yale yalikuwa yamepigwa na mvua na misalaba ya njiti imekwenda na maji. Nilichimba nilipodhani ndipo, nikamtoa stuff. Nikachimba pembeni, nikamtoa yeah, ameoza, mchwa wamemla nusu. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye shimo la tatu, makamasi yakinitiririka, nilipoona miguu mitupu mbele yangu. Ilikuwa ya Mwalimu Marwa, ambaye nyumba yake ilikuwa hapo shuleni. Alikuwa amekunja suruali na ana shati linalochuruzika maji ya sabuni mkononi. Ndiyo siku ya kwanza kuona kwamba ana magoti.

"Unafanya nini hapa?"

"Nafukua, mwalimu."

"Unamfukua nani?"

"Bladi."

Nikamweleza yote. Nilimweleza kuhusu Dani na kaburi, na suti, na kwamba sikunaswa, nilijitolea mwenyewe, kwa hivyo ni mimi niliyemuua Kwara kwa ajili ya kubeba kiberiti. Nilisubiri acheke. Wakubwa wote niliowajua wangecheka, kisha wangesimulia sokoni. Yeye alichuchumaa.

"Neno halina nguvu hiyo, mtoto wangu," alisema.

Nikainamisha kichwa kukubali, kwa heshima, na nikaendelea kuchimba. Akaona hatutafika mahali kwa njia hiyo.

"Haya. Lakini mtu hafukui maiti bila kibali. Hata kwetu Kegonga hatufanyi hivyo. Ngoja."

Akaingia nyumbani kwake, akatoka amevaa shati kavu na amefunga vifungo vyote, mkononi ana karatasi ya daftari aliyoiandika kwa wino. Alinisomea kwa Kiingereza chake safi, kisha akanitafsiria ili nisiwe na wasiwasi. Mwenye barua hii ameruhusiwa kufukua neno moja na kulirudisha kwa mwenyewe. Mwenyewe ana haki ya kulitumia, kwake na popote alipo, maisha yake yote. Akatia sahihi. Muhuri ulikuwa umefungiwa ofisini, kwa hiyo alipaka kidole gumba wino akabonyeza.

Kisha akalitafuta kaburi mwenyewe kwa mikono, maana alikumbuka mistari, na kwa dakika moja akawa amekitoa kiberiti changu kikiwa kizima.

Nilipotaka kuondoka akaniita na kuonyesha wale wawili waliolala juu ya majani. "Na hao warudishe. Hao hawana mtu hospitali."

Homa Bay, wodi ya wanaume ilinuka dawa ya kusugulia sakafu, na mama yangu alinuka samaki, nikashukuru kwa harufu hiyo moja niliyoijua. Kwara alikuwa amepungua. Kitanda kilimzidi. Dripu ilikuwa inadondoka mkononi mwake na macho ameyafumba. Nilikitia kiberiti kwenye kiganja kilicho huru, nikamkunja vidole kimoja kimoja.

"Kwara, nimelirudisha," nikamwambia sikioni.

Nikangoja. Hakuna kitu. Nikalisema lenyewe, taratibu, mara moja, labda kwake lilihitaji kuonyeshwa njia. Hakuna kitu. Mgonjwa wa kitanda cha pili alifungua jicho akaniangalia kwa huzuni. Kumbe nimechelewa, nilijiambia, nimetoka Migori mpaka hapa na nimechelewa. Kilio kikanipanda.

"Nani ameleta kiberiti wodini kwangu?" Alikuwa nesi, mama mnene wa kutoka Pwani, mwenye Kiswahili cha kumfanya mtu asimame wima.

Nilimpa barua. Aliisoma, akaigeuza nyuma kuona kama kuna zaidi, akaisoma tena.

"Mwalimu wako huyu, ni mzima?"

"Ni wa Kiingereza," nikasema.

"Aah," akasema nesi, na jibu hilo likamtosha. Akafungua kiberiti, akakuta hakina njiti, akakirudisha kiganjani mwa Kwara. "Haya, akae nacho. Sasa tokeni, nataka kumchoma sindano."

Tulikaa kwenye benchi la koridoni sisi watatu. Dani alikuwa katikati, mfuko wenye suti mapajani, midomo yake inaomba bila sauti. Nilitaka kumwambia ni mimi. Nilikuwa nimeshafungua mdomo, hivi, nimeshavuta pumzi.

"Bladi sindano," ikasema sauti huko ndani. Ilikuwa nyembamba na imepasuka, lakini ilikuwa na hasira, na hasira ilikuwa nzima kabisa.

Mfuko ulianguka. Dani alisimama, akashika kichwa kwa mikono miwili, na mbele ya wagonjwa na wageni wao, mwanamke yule wa Sabato akasema amina. Halafu ndani ikasikika tena, sasa kwa nguvu kidogo, ikimtaja nesi na chumba chote, na Dani akaitikia amina tena.

Nesi akatoka. "Mgonjwa wenu ameamka," alisema. "Na ana mdomo."

"Mungu akubariki, binti yangu," Dani akamwambia. "Ndio huo tuliokuwa tunaungoja."

Daktari alisema ni malaria iliyopanda kichwani na kwamba kwinini imefanya kazi yake. Sikubishana naye. Mtu akishapona, kila mmoja aachiwe dawa yake.

Mwalimu Marwa alihamishwa mwaka uliofuata. Makaburi yetu yalijengewa darasa juu yake, kwa hiyo gonna na wenzake wote wamelala chini ya sakafu ya darasa la nane, na ukiwasikiliza watoto wanaosoma hapo leo utajua hawakulala vizuri. Kwara aliishi miaka mingine tisa. Kiberiti alikitia mfuko wa shati, kikahamia shati hadi shati, na barua ya Mwalimu aliwaonyesha watu sokoni kama leseni. Chifu alipomkanya kuhusu mdomo wake barazani, aliitoa.

Lakini mimi sikumwambia kamwe. Alijua neno lake lilizikwa na likafufuliwa, maana barua ilisema hivyo. Aliyelipeleka kuzikwa, na kwa nini, hakuniuliza. Nami kila mara nilisema nitamwambia likizo ijayo. Alifariki nikiwa chuoni, mbali na nyumbani, na nilipofika nyumbani walikuwa wameshamfunga kitambaa kidevuni. Tulikitafuta kiberiti tumzike nacho. Dani alisema hajui kilipo, na yeye hakuwa mtu wa kusema uongo, nasi tukaamini.

Basi nilikaa kwenye mkeka wa Dani na kukisukuma kile kijisanduku kwa kidole. Barua ilikuwamo, imekunjwa hadi imekuwa nene kama njugu, na alama ya kidole gumba bado ya buluu. Chini yake kikaratasi changu. Juu, mwandiko wangu wa darasa la sita: BLOODY. Chini, pa mrithi, nilikuwa nimeandika very.

Very ilikuwa imekatwa. Imekatwa kwa penseli mara mbili, kwa nguvu, mpaka karatasi imetoboka kidogo. Na pembeni, kwa zile herufi kubwa za kuandikia masanduku ya mgodini, kila moja imesimama peke yake, mtu alikuwa ameandika ADOYO.

Alijua. Miaka yote tisa alijua, na kila nikija likizo aliniwekea kiganja kichwani.

"Ni nini hicho?" binamu akauliza, akanyoosha shingo. "Unalilia karatasi?"

"Bladi karatasi," nikamwambia.

Mama yangu alikuwa mlangoni anakunja leso za Dani. Hakugeuka. Akasema amina, akaendelea kukunja.